Dawa za presha na sukari nyumbani: namna ya kuzipanga, kuzihifadhi na kuzitumia bila kujidhuru

Mgonjwa wa presha na sukari hapa Mombasa ni nadra kupata dawa zake kwa mkono mmoja. Kuna za kliniki ya serikali, kuna zilizonunuliwa dukani siku kliniki ilipoishiwa, kuna alizoandikiwa alipolazwa hospitali ya kibinafsi, na kuna mkebe wa uwatu aliopelekewa na shemeji yake. Kila aliyetoa alijua anachotoa. Hakuna hata mmoja aliyeona vyote pamoja. Madhara mengi tunayoyalaumu "dawa kali" huzaliwa katika pengo hilo.

Mwongozo huu ni wa yule anayemtunza mzazi, au anayejitunza mwenyewe. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapwa kwenye pakiti, maana kazi ya kwanza ni kuyalinganisha herufi kwa herufi. Usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya ulichosoma hapa. Ukikuta tatizo, peleka swali kliniki au kwa mfamasia. Pale ambapo hatua ni ya papo hapo, tumesema wazi.

Mwaga kila kitu mezani

Chagua jioni moja yenye utulivu na mwanga mzuri. Toa dawa zote: za kabatini, za mkobani, zilizo chini ya mto, zilizo mlangoni mwa friji. Weka na matone ya macho, dawa za kupaka, dawa za mafua, vitamini na mitishamba. Watu husahau hizi za mwisho kwa kuwa hawazihesabu kuwa dawa.

Sasa tazama kila pakiti. Jina kubwa la rangi ni la kibiashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la dawa yenyewe pamoja na kipimo chake, kwa mfano amlodipine 5 mg. Panga kwa majina hayo madogo. Pakiti mbili zenye majina makubwa tofauti kabisa zinaweza kuwa dawa ile ile.

Kosa la kwanza la kutafuta ni dawa moja kuingia mara mbili. Siku hizi vidonge vya mseto vimeenea: amlodipine na losartan ndani ya kidonge kimoja, au amlodipine na telmisartan, au losartan na hydrochlorothiazide. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya mseto vya presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na ni jambo jema, kwa sababu mtu mwenye kidonge kimoja cha kumeza haachi dawa upesi kama mwenye vitatu. Taabu huja pale mgonjwa anapopewa mseto mpya na hakuna anayemwambia cha zamani kimeisha kazi. Anameza vyote. Baada ya wiki chache vifundo vya miguu vinavimba, akiinuka kitandani anaona giza. Akienda kwingine akaonyesha miguu, huandikiwa furosemide ya kukojoza maji. Uvimbe wa amlodipine hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hivyo haupungui ipasavyo. Kinachopungua ni presha na chumvi za mwili. Sasa ana dawa ya tatu ya kutibu madhara ya dawa iliyorudiwa.

La pili ni miisho ya majina. Zinazoishia kwa "-pril" (enalapril, lisinopril, ramipril) na zinazoishia kwa "-sartan" (losartan, telmisartan, valsartan) hufanya kazi katika njia moja. Mtu wa presha hutumia moja kati ya makundi haya. Akiwa na zote mbili, potasiamu hupanda na figo huumia. Tukiwa hapo hapo: za "-pril" huwapa watu wengine kikohozi kikavu kisichoisha, na wapo wanaomaliza chupa kwa chupa za dawa ya kifua bila mtu kuuliza kikohozi kilianza lini. Kwenye kliniki hubadilishwa na kuwekwa "-sartan". Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, hilo si la kusubiri kliniki. Acha dawa hiyo, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, na asiimeze tena maishani.

La tatu ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu linauzwa kila kona: dawa za maumivu za jamii ya diclofenac, ibuprofen, meloxicam na piroxicam. Figo huchuja damu kwenye mishipa midogo yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Dawa ya kukojoza hupunguza maji yanayofika hapo. "-pril" au "-sartan" hulegeza mlango wa kutokea. Diclofenac hubana mlango wa kuingilia. Zikikutana zote tatu, msukumo wa kuchuja huanguka, na mzee aliyekwenda kutafuta nafuu ya goti anaweza kurudi na figo zilizosimama, hasa akiwa na kiu au anaharisha. Hata bila figo kuumia, dawa hizi huipandisha presha, kisha kliniki wanaongeza dawa ya presha. Kwa goti na mgongo anza na paracetamol: mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya 500 mg kwa saa 24, na mzee mwembamba au mwenye ini bovu apate chini ya hapo. Soma pia pakiti za dawa za mafua, kwani nyingi tayari zina paracetamol ndani, na zile zenye pseudoephedrine au phenylephrine za kufungua pua hupandisha presha.

La nne: glibenclamide na gliclazide, dawa za kushusha sukari, ni ndugu. Hazitumiwi pamoja. Tena gliclazide ya kawaida ya 80 mg na ile ya kutoa polepole, iliyoandikwa MR 30 mg, hazibadilishani namba kwa namba. 80 mg ya kawaida inakaribiana na 30 mg ya MR. Akipewa dukani ile ya kawaida badala ya MR, au kinyume chake, idadi ya vidonge nayo lazima ihesabiwe upya.

Jambo moja linahitaji faragha. Dolutegravir, iliyo ndani ya kidonge cha TLD cha virusi vya ukimwi, huongeza kiwango cha metformin mwilini. Anayetumia zote mbili kwa kawaida hawekewi zaidi ya 1000 mg za metformin kwa siku. Wengi huficha TLD, hata kliniki ya sukari hawaitaji. Ukimtunza mtu, usimlazimishe kukuonyesha. Mwambie tu kwamba kuna dawa moja ya sukari inayogongana nayo, na amnong'oneze daktari. Vidonge vya chuma, calcium na dawa za kiungulia navyo huizuia dolutegravir isiingie vizuri: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Karatasi moja ya dawa zote

Baada ya kupanga, andika karatasi moja. Kila mstari: jina dogo la dawa, kipimo, vidonge vingapi, saa ngapi, ya ugonjwa gani, nani aliyeandika na tarehe ilipoanza. Chini yake andika dawa zilizomdhuru na zilimfanya nini ("Septrin: vipele mwili mzima" inamsaidia daktari kuliko "ana aleji"), uzito wake, na kipimo cha mwisho cha figo pamoja na tarehe yake. Kipimo hicho si pambo. Metformin hupunguzwa uchujaji wa figo, ulioandikwa eGFR, ukishuka chini ya 45, na huachwa ukishuka chini ya 30.

Insulini iandike kwa neno zima: "uniti 10". Ukiandika 10U kwa haraka, ile U husomeka kama sifuri, na uniti 10 zinageuka 100.

Ibandike ndani ya mlango wa kabati, ipige picha na uitume kwa simu za watoto wote. Anayempeleka mzee hospitali ya Makadara usiku awe nayo mkononi, si yule aliyebaki Kisauni na kadi.

Kusoma bahasha

Bahasha ya dawa ya hapa kwetu huandikwa kama hesabu: 1×3, 2×1. Namba ya kwanza ni vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa saa 24. Kwa hivyo 2×1 ni viwili kwa mpigo mmoja, na 1×2 ni kimoja asubuhi, kimoja jioni. Jumla ya siku ni ile ile, ndiyo maana watu huona hakuna tofauti. Kwa glibenclamide tofauti ipo: viwili vikimezwa pamoja usiku badala ya kugawanywa, sukari huanguka saa tisa usiku, watu wote wamelala.

"Mara tatu" si asubuhi, saa nne na mchana. Ni kila baada ya saa 8 hivi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukikuta herufi, OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, nocte ni usiku, PRN ni pale inapohitajika tu, a.c. kabla ya chakula, p.c. baada ya chakula.

Vidonge vyenye XR, MR, SR au retard baada ya jina havipondwi wala kutafunwa. Vimetengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa 12 au 24. Ukiviponda yote hutoka kwa dakika chache. Anayetumia metformin XR akiona ganda la kidonge chooni asishtuke, dawa imekwishatoka na lile ni ganda tupu.

Akisahau: akikumbuka siku ile ile, dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku anaweza kumeza; ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, aruke. Asimeze viwili kufidia. Gliclazide na glibenclamide zikisahauliwa, zisimezwe bila chakula mbele. Na atenolol, carvedilol au bisoprolol zisikatwe ghafla kwa sababu zimeisha. Moyo hurudi kwa kishindo. Hizo nunua zikibaki za wiki moja, usingoje pakiti tupu.

Dukani

Duka la dawa halali lina leseni ya mwaka huu ya Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, imebandikwa mahali pa kuonekana. Tazama mwaka, usitazame muhuri tu. Nunua kwenye pakiti yake, au angalau karatasi ya vidonge isiyokatwa pale penye namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Muuzaji akikukatia vidonge vinne, kata hiyo mara nyingi hupita juu ya tarehe. Mwombe akuandikie kwenye bahasha, au upige picha ya pakiti kaunta. Tarehe ya kuisha iliyoandikwa kwa mwezi na mwaka huhesabiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo.

Kwa nini bechi? Julai 2018 dawa za valsartan zilianza kuondolewa sokoni nchi nyingi baada ya NDMA, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani, kupatikana kwenye malighafi ya kiwanda kimoja China. Aprili 2024 Kenya iliondoa bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto baada ya Nigeria kuripoti kukuta sumu ya diethylene glycol ndani yake. Katika visa vyote viwili si kila chupa wala kila kampuni iliyohusika. Asiye na namba ya bechi ama hutupa dawa nzuri, ama huendelea na mbaya.

Uangalifu wa pekee uende kwa kalamu za semaglutide, zile za sukari ambazo watu hutafuta kwa ajili ya kupunguza uzito. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za jamii hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, lakini tangu Juni 2024 lilikuwa limeshatoa tahadhari ya kalamu bandia. Austria, mwaka 2023, watu walilazwa wakiwa na sukari iliyoanguka baada ya kujidunga kalamu bandia zilizodhaniwa kuwa na insulini. Kalamu inayouzwa WhatsApp, inayoletwa na boda boda bila barafu, ikiwa haina sanduku wala karatasi yake, usinunue hata kwa nusu bei. Hasa kwa nusu bei.

Joto na unyevu

Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na ndani ya nyumba ya mabati huzidi hapo. Pakiti nyingi zimeandikwa zisihifadhiwe juu ya nyuzi 30, nyingine 25. Hutaweza kuitii namba hiyo kila saa bila kiyoyozi, na saa chache za nyuzi 32 haziui kidonge. Kinachoharibu ni joto la kudumu pamoja na unyevu. Mahali pabaya: juu ya kabati la jikoni, dirishani, bafuni, na ndani ya gari lililofungwa kwenye foleni ya feri Likoni. Mahali pazuri ni chumba kisichopigwa na jua la mchana, rafu ya kati, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kilichokuja na dawa kiache humo.

Vidonge usitie kwenye friji ukidhani unavisaidia. Kila ukivitoa, hewa yetu yenye maji hutua juu yake kama umande.

Pua pia hufanya kazi. Fungua kopo la aspirin; likinuka siki, unyevu umeshaivunja, itupe. Metformin nayo hunuka samaki kidogo, na hiyo ndiyo harufu yake ya siku zote, haijaoza. Kapsuli zilizogandana, vidonge vilivyopata madoa au vinavyomeguka ukivishika, vyote havifai. Kisanduku cha siku saba ni kizuri kwa mzee anayesahau, lakini jaza cha wiki moja tu, na nitroglycerin ya kifua iache kwenye chupa yake ya kioo. Nje ya hapo hupoteza nguvu haraka.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iweke rafu ya kati ya friji, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka, wala karibu na barafu. Ikiganda mara moja tu, imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Iliyofunguliwa hukaa nje ya friji, pasipo jua, na nyingi hutumika siku 28; soma karatasi yake, kisha andika kwa kalamu ya wino tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe.

Stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Na kwa mwenye insulini ya kawaida ya binadamu ipo habari ya kumtuliza. Uchambuzi wa Novemba 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulionyesha kuwa chupa ambazo hazijafunguliwa za aina hiyo zinaweza kukaa mpaka miezi 6 katika nyuzi zisizozidi 25, na miezi 2 katika nyuzi zisizozidi 37, bila kupoteza nguvu kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa. Hiyo haina maana uzime friji. Ina maana usiku mmoja bila stima si sababu ya kumwaga insulini ya mwezi mzima, na asiye na friji asikatazwe insulini. Mtungi wa udongo ndani ya mwingine, wenye mchanga uliolowa katikati, husaidia, ila tuseme kweli: mtungi hupoa kwa maji kukauka, na hewa ya pwani imeshiba maji, hivyo hapa hushusha nyuzi chache tu, si kama Garissa. Nyuzi chache hizo hutosha kuiteremsha chini ya 30. Weka chupa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, isilowe, na mtungi ukae kivulini penye upepo.

Kabla ya kuvuta dawa, tazama. Insulini ya mseto kama 30/70 hubingirishwa kati ya viganja mara kumi polepole, usiitikise, mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ikibaki na mabonge, au chupa ikiwa imeshika ukungu mweupe kwenye kuta, itupe. Ile inayopaswa kuwa angavu kama maji safi ikiingia utusitusi, itupe pia. Sindano iwe imeandikwa U-100 kama insulini ni ya uniti 100 kwa mililita. Ukiivuta kwa sindano ya U-40, mstari ule ule humpa mtu mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Ramadhani

Miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya kaskazi, mfungo wa saa 13 na zaidi, jasho likitoka. Mwenye sukari aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, si usiku wa mwezi kuandama. Wanaojidunga insulini mara nyingi kwa siku, wajawazito wenye sukari, wenye figo dhaifu na waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka huwa kwenye hatari kubwa, na dini imewapa ruhusa ya kula.

Kwa wanaoruhusiwa kufunga, mabadiliko ambayo kliniki hufanya huwa ya namna hii. Metformin ya mara mbili hubaki vile vile, futari na daku. Ya mara tatu: ya asubuhi huenda daku, ya mchana na ya jioni huungana kwenye futari. Metformin XR humezwa futari. Glibenclamide huondolewa na kuwekwa dawa yenye hatari ndogo zaidi, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu na hushusha sukari mchana mtu hajala. Gliclazide ya mara moja huhamia futari. Ya mara mbili, cha daku hupunguzwa. Insulini ya mseto ya mara mbili: kipimo kilichokuwa cha asubuhi huchukuliwa futari, na kilichokuwa cha jioni hupunguzwa kwa asilimia 25 hadi 50 kikachukuliwa daku. Kosa la kawaida ni mtu kugeuza saa bila kugeuza kipimo. Anadunga daku dozi kamili ya usiku, ifikapo saa tano asubuhi anatetemeka. Dawa za kukojoza hupelekwa jioni, kiu ya mchana isizidi.

Empagliflozin na dapagliflozin humezwa futari na maji mengi, na hazianzishwi upya ndani ya Ramadhani. Hizi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021 na hulinda moyo na figo, lakini hutoa sukari kwa mkojo pamoja na maji.

Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi funga kwa masheikh walio wengi, kwa hivyo pima: kabla ya daku, asubuhi, mchana, kabla ya kufuturu, na wakati wowote mwili unapobadilika. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 afungue hapo hapo, hata ikibaki robo saa adhana ilie.

Siku ya kuharisha na kutapika

Hapa ndipo dawa nzuri hugeuka. Mtu anaharisha tangu alfajiri, hanywi, bado anameza vyote kwa sababu aliambiwa asikose hata siku moja. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo uulize kusimamisha kwa muda: metformin, empagliflozin au dapagliflozin, za "-pril" na "-sartan", dawa za kukojoza, na diclofenac na wenzake. Kwa kawaida hurudishwa baada ya saa 24 hadi 48 za kula na kunywa vizuri. Insulini haisimamishwi yote, hata kama hali chakula, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Kipimo ndicho hurekebishwa. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, anakunywa hata mwenye sukari.

Anayetumia empagliflozin au dapagliflozin akitapika, akiumwa tumbo na kuhema kwa nguvu, apelekwe hospitali hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha 10 au 11. Asidi huweza kujaa damuni sukari ikiwa karibu ya kawaida, na hapo wengi huchelewa kwa kuiamini namba ya mashine. Taja jina la dawa hiyo mlangoni.

Chakula na mitishamba

Uwatu, karela, mwarobaini na habasoda zote zinaweza kushusha sukari. Tatizo lake halimo kwenye ushirikina. Limo kwenye kipimo kisichojulikana, leo kijiko kimoja, kesho gilasi. Ukijumlisha na gliclazide au insulini, hujui kilichomwangusha. Anayezitumia aziandike kwenye karatasi ile ile. Madafu yana potasiamu nyingi: kwa mwenye figo dhaifu anayemeza enalapril, losartan au spironolactone, kuyanywa kila siku ni hatari kwa mapigo ya moyo. Balungi huongeza simvastatin na nifedipine damuni. Miraa hupandisha presha, na pia huzuia amoxicillin na hasa ampicillin zisiingie vizuri mwilini. Aliyepewa antibiotiki hizo apishe saa 2 baada ya kutafuna, kama hawezi kuacha.

Sukari ikishuka

Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, ukali usio wake. Anayetumia atenolol au carvedilol huenda asihisi moyo kwenda mbio. Jasho ndilo hubaki. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye gilasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya 300 ml, iwe ile ya kawaida yenye sukari. Halua na kaimati hazifai kwa haraka hii, mafuta huchelewesha. Pima baada ya dakika 15, ikiwa bado chini ya 4 rudia, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni; mlaze ubavu, tafuta gari. Na aliyeangushwa na glibenclamide apelekwe hospitali hata akiamka na kutaka kulala tu, kwa sababu sukari inaweza kuanguka tena ndani ya saa 24.

Kuripoti na kutupa

Madhara ya dawa huripotiwa PPB kwa fomu ya njano, na dawa yenye ubora wa kutiliwa shaka kwa fomu ya waridi. Zote zipo pia kwenye tovuti ya bodi, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Weka tayari jina la dawa, bechi, tarehe ya kuanza, siku dalili zilipotokea, na dawa nyingine anazotumia. Pakiti usitupe.

Vidonge vilivyoisha muda visiende chooni wala jaani. Uliza duka la dawa au hospitali kama wanapokea. Sindano tia kwenye chupa ngumu ya plastiki ya sabuni ya maji, bila kurudishia kifuniko chake kwa mikono miwili, maana vidole vingi huchomwa hapo. Ikijaa robo tatu, funga, zungushia tepu, andika "sindano", na uipeleke kituo cha afya.